Tuta lipi ulifunike? Mazao funika kwa mkulima wa mboga wa Dar es Salaam

Maelezo mengi tunayoyasoma ya mazao funika, yaani mimea inayopandwa ili kuufunika udongo, yametungwa kwa kumfikiria mkulima wa mahindi: ana ekari kadhaa, anavuna mara moja kwa mwaka, na shamba lake hukaa tupu miezi mingi likisubiri mvua. Huyo ukimwambia apande mukuna, mmea wa kutambaa wa jamii ya kunde, baada ya mavuno, hapotezi kitu isipokuwa mbegu na kibarua. Mkulima wa mboga wa Dar es Salaam ni mtu mwingine kabisa. Awe Kinyerezi, kando ya Mto Msimbazi, Mbagala kwenye bonde la Mzinga, Kibada au Bunju, shamba lake huhesabiwa kwa matuta, na tuta la mchicha huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne. Mwambie alifunge tuta miezi mitatu ili udongo upumzike, naye atakuuliza, tena kwa haki: na hiyo miezi mitatu, nyumbani tutakula mukuna?

Swali hilo lina jibu, ila hulipati ukiiga mambo ya shamba la mahindi. Kwa mkulima wa mboga wa mjini, gharama ya zao funika si mbegu. Ni siku za tuta. Na faida yake kubwa si mbolea kama wengi wanavyoamini. Faida yake ni magugu yaliyonyimwa jua na minyoo iliyonyimwa mizizi ya kula. Ukiipanga hesabu hivyo, unaanza kuona ni tuta gani la kufunika na mwezi gani, na ni lipi la kuliacha liendelee kutoa mchicha.

Mambo matatu yanayochanganywa

Nyasi zilizofyekwa kwingine na kutandazwa kati ya mistari ya nyanya chungu ni matandazo. Hayana mizizi, na kazi yake ni kukinga udongo na jua na kutunza unyevu. Zao funika ni mmea ulio hai, umepandwa hapohapo na kuachwa utande mpaka udongo usionekane. Mmea huohuo ukifukiwa ungali mbichi umekuwa mbolea ya kijani. Ukifyekwa na kulazwa juu ya tuta umekuwa matandazo. Jinsi utakavyoumaliza ndiyo inayoamua umepata nini, na ndiyo itakayokubana pia kuhusu mboga gani ifuate, kama tutakavyoona mbele.

Udongo wetu una sababu zake za kuhitaji kifuniko. Sehemu kubwa ya Kigamboni ni mchanga: maji hupita, na mbolea huyafuata maji. Mabondeni kuna mfinyanzi ambao mvua ya masika ikiupiga ukiwa mtupu huacha gamba juu, na mbegu ndogo ya mchicha hushindwa kuchomoza. Kote huku joto ni la mwaka mzima, kwa hiyo bakteria na wadudu wa udongo hawana msimu wa kulala. Majani laini ya kunde ukiyafukia kwenye udongo wenye unyevu, baada ya wiki chache sehemu kubwa imeshaoza na kwisha. Ndiyo maana sipendi ahadi ya kujenga rutuba ya kudumu kwa msimu mmoja wa zao funika. Nchi za baridi mabaki hukaa muda mrefu ardhini. Pwani unayajenga mwaka hadi mwaka, na ukiacha yanashuka.

Hesabu ya naitrojeni, bila chumvi

Mimea ya jamii ya kunde huishi na bakteria ndani ya vinundu vya mizizi yake, na bakteria hao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Sifa zote za mazao funika huanzia hapo. Lakini ni kiasi gani hasa?

Tuchukue tuta la mita 10 kwa mita 1. Kunde zilizostawi, zikafyekwa zinapoanza kutoa maua baada ya siku 50 hadi 60, zinaweza kukupa kama kilo 3 za majani na mashina kwa uzito mkavu. Tukikadiria kwamba asilimia 3 ya uzito huo ni naitrojeni, una gramu 90. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo gramu 90 ni sawa na kama gramu 195 za urea. Tena si zote zimetoka hewani; nyingine mmea umezichota palepale udongoni. Na mboga inayofuata itapata theluthi ya hizo, labda nusu. Zilizobaki hukaa kwenye mabaki, huzama na maji au hupotelea hewani.

Zidisha kwa matuta 20: ni kilo nne za urea, kabla hujaondoa kinachopotea. Kwa mwenye ekari kumi za mahindi, uwiano huohuo ni mifuko. Kwako wewe wa matuta 20 ni mfuko wa nailoni mkononi. Mtu aliyeahidiwa kwamba kunde zitamfutia gharama ya mbolea atavuna mchicha wa njano na kuapa kutorudia, na hatakuwa na kosa. Zao funika linalopandwa mjini kwa ajili ya naitrojeni peke yake ni biashara mbaya, nadhani ni vizuri tuliseme wazi.

Kuna na lingine. Wakulima wengi wa mboga Dar hutumia mbolea ya kuku, kwa sababu mabanda ya kuku yako kila mtaa na mbolea yake ni nafuu. Tuta lililolishwa mbolea ya kuku miaka mingi lina naitrojeni na fosforasi ya kutosha, pengine hata kupita kiasi. Kunde zikikuta naitrojeni tele udongoni hazijisumbui kuitafuta hewani; vinundu huwa vichache na vidogo. Umepanda jamii ya kunde, umelipa siku 60 za tuta, na mmea umekula akiba yako mwenyewe.

Kwenye tuta la namna hiyo ni afadhali nafaka: mtama au uwele uliomwagwa kwa wingi, mimea ikabanana. Mizizi yake huenda chini kuliko ya mchicha na huinasa naitrojeni ambayo masika ingeishusha kisimani. Hapa kuna mtego wa wakati. Bakteria wanaoozesha mabaki huhitaji takribani sehemu moja ya naitrojeni kwa kila sehemu 25 za kaboni. Majani mabichi ya jamii ya kunde yana kaboni sehemu 15 hadi 20 kwa moja, hivyo huoza na kuachia naitrojeni. Mabua makavu ya mtama yanapita 60 kwa moja. Ukiyafukia, bakteria huinyang'anya mboga naitrojeni iliyomo udongoni ili wamalize kazi yao, na mboga inadumaa mbele ya macho yako. Fyeka mtama kabla haujatoa masuke, wakati bua bado linakatika kwa ukucha. Na usimpe jirani ampelekee mbuzi: mtama mchanga una sumu inayoweza kuua mifugo.

Ndago

Ukitaka kujua kwa nini mkulima wa mboga ahangaike na habari hizi, usimwulize juu ya rutuba; mwulize juu ya lile gugu la ndago.

Chini ya yale majani yanayofanana na nyasi kuna mnyororo wa viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi. Vingi viko ndani ya sentimita 15 hadi 20 za juu, yaani palepale jembe linapofika. Kila kiazi kina macho kadhaa, na mnyororo ukiwa mzima macho mengi hubaki yamelala. Ukipiga jembe unaukata mnyororo, na kila kipande kinaamka kivyake. Ndiyo maana palizi ya Jumatatu ikifika Ijumaa haionekani, tena ndago zimezidi. Kuchuma majani hakuigusi akiba iliyo chini, na viazi hivyo vinaweza kukaa udongoni miaka kadhaa.

Udhaifu wa ndago ni kivuli. Ni mmea wa jua kali. Gizani hurefuka, hukonda na kuzaa viazi vichache. Mchicha hauwezi kuifanyia hivyo kwa sababu haukai: wiki ya nne umeng'olewa, tuta liko wazi tena. Utaratibu wetu wenyewe wa mboga za muda mfupi, tuta kuachwa tupu mara nane au kumi kwa mwaka huku linamwagiliwa kila siku, ni karamu ya ndago.

Mukuna, yaani upupu usiowasha, ndiyo inayoiweza zaidi. Hutambaa mita kadhaa, majani yake ni mapana, na ikishatanda chini yake kunakuwa giza. Fiwi, ambayo ndugu zetu wa Arusha huiita ngwara, hufanya kazi karibu sawa na huvumilia ukame. Lakini kutanda huko huchukua wiki sita hadi nane. Wiki hizo za mwanzo zao funika ni mtoto, na ndago ni mtu mzima. Hapa ndipo wengi huharibu: wanapanda, wanaondoka wakiamini wameshamaliza kazi, na wakirudi wanakuta ndago ndiyo iliyofunika. Zao funika linahitaji palizi mbili za kweli kabla halijaanza kukupalilia wewe.

Na hata likifanikiwa, halimalizi ndago. Linaipunguza. Ukiliunganisha na jua unapunguza zaidi: Januari na Februari, kiangazi kikiwa kikali, acha kumwagilia tuta lililozidiwa, lipindue kwa kina, chambua viazi na vilivyobaki viache juu vikauke. Kiazi cha ndago kikikauka sawasawa hufa. Kikibaki na unyevu huishi. Rudia kupindua mara mbili au tatu. Mvua za kwanza za Machi zitaamsha zilizosalia. Zikwangue kwa juujuu, kisha panda mukuna mbegu mbilimbili, nafasi ya kama sentimita 60 kwa 40. Tuta letu la mita 10 linahitaji mbegu kama 80.

Magugu ya mbegu, kama mchicha pori na mashona nguo, ni rahisi zaidi. Mbegu nyingi ndogo za magugu huhitaji mwanga ili ziote, na kivuli huzizuia zisiamke. Zisipoamka hazijafa, bado zipo. Kwa hiyo ukishafyeka, usilipindue tuta kwa kina na kuzileta juu tena. Na angalia unachokileta mwenyewe: samadi ya ng'ombe isiyoiva hubeba mbegu za magugu za kutosha kufuta kazi ya miezi mitatu kwa toroli moja.

Minyoo fundo, na kwa nini kunde zinaweza kukuponza

Hapa ndipo ushauri wa jumla wa kupanda jamii yoyote ya kunde unapoleta hasara, hasa kwenye mchanga wa Kigamboni.

Minyoo fundo ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Huingia kwenye mizizi, nayo mizizi huvimba. Nyanya, nyanya chungu, bamia, bilinganya na matango hushambuliwa vibaya. Mchicha pia haupo salama. Mmea husinyaa mchana ilhali udongo una maji, hudumaa, na mkulima huongeza mbolea bila faida. Minyoo hii hustawi kwenye udongo wa mchanga wenye joto, na hapo umeshaielezea nusu ya pwani yetu.

Aina nyingi za kunde nazo ni chakula chake, na fiwi vilevile. Mkulima anayefunika tuta lenye minyoo fundo kwa kunde, akafyeka, kisha akapanda nyanya chungu, amewafuga minyoo hao miezi miwili na kuwapelekea mlo. Marejea, nayo ya jamii ya kunde, ni kinyume. Minyoo huingia kwenye mizizi yake lakini huzaliana kwa shida, na idadi yake hushuka. Mukuna nayo hufanya hivyo. Marejea si ngeni nchini; Ruvuma, hasa upande wa Peramiho, ilienezwa zamani kama mbolea ya kijani. Ni mmea wa kusimama wima, maua ya njano, huota haraka na kufyekwa baada ya miezi miwili hadi mitatu. Mwagia mbegu kwa wingi, kama gramu 25 kwa tuta la mita 10 kwa 1, ili mashina yawe membamba na laini.

Kabla ya kuchagua, ng'oa mmea wa mwisho uliobaki kwenye tuta, taratibu, kwa jembe si kwa kuvuta, uoshe mizizi kwenye ndoo. Ukiona uvimbe, jua kutofautisha. Kinundu cha bakteria wema hukaa ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinabanduka, na ukikipasua ndani ni chekundu au cha waridi kikiwa kinafanya kazi. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Halibanduki, ukilivuta mzizi unakatika. Bamia na nyanya chungu hazina vinundu vya bakteria kabisa, kwa hiyo uvimbe wowote wa namna hiyo hapo usiutafutie tafsiri nzuri.

Sasa rudi kwenye ndago. Ndago na mchicha pori nazo huhifadhi minyoo fundo. Ukipanda marejea halafu ukaacha magugu chini yake, umewanyima minyoo meza moja ukawaandalia nyingine pembeni. Palizi za mwanzo kwenye zao funika zina kazi mbili, na hiyo ya pili haionekani kwa macho.

Miezi ya kufunika

Tuta huwa na siku za thamani tofauti. Juni hadi Septemba, kipupwe, ni wakati mzuri wa mboga Dar: joto limepungua, magonjwa ya majani yamepungua, na anayeweza kumwagilia ana kazi. Kufunika tuta zuri miezi hiyo ni kujitia hasara. Kiangazi cha Januari na Februari siku za tuta ni nafuu kwa asiye na maji ya uhakika, lakini zao funika nalo linahitaji maji ili liote. Bila kisima, miezi hiyo waachie jua na ndago.

Masika, Machi hadi Mei, ndipo siku za tuta zinaposhuka thamani zaidi. Mvua kubwa huangusha mchicha, hulaza chainizi, huleta kuoza, na huosha mbolea yoyote unayoiweka. Mmea mpana unaotandaza majani juu ya udongo hupokea matone, huzuia gamba, na hunywa maji ya bure. Kwa hiyo kwa tuta la mwinuko lililoshindwa na ndago au minyoo, mzunguko ninaoupendekeza ni huu: kausha Januari na Februari, panda mukuna au marejea na mvua za Machi, fyeka Juni mwanzoni, na upande mboga ya muda mrefu kwenye kipupwe. Umetoa miezi ambayo tuta lingekupa kidogo, ukaikuta miezi mizuri likiwa safi zaidi.

Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni fupi na haitabiriki vilevile. Hapo zao la siku 45 hadi 60, yaani kunde au choroko, ndilo linaloingia, na kwenye tuta lisilo na minyoo fundo tu.

Mabondeni mambo ni mengine. Mukuna, fiwi na kunde hazipendi maji yaliyotuama, mizizi huoza. Tuta la Jangwani au Kigogo linalofunikwa na maji Aprili halina zao funika la kulitetea kati ya hayo. Huko subiri maji yashuke, na kama unafunika, funika matuta ya juu. Niongeze jambo moja ambalo halipendezi kusikika: tafiti kadhaa zimekuta metali nzito kwenye udongo, maji na mboga za bonde la Msimbazi. Zao funika haliondoi tatizo hilo. Anayekuambia mukuna itausafisha udongo uliochafuliwa na maji ya viwanda anauza mbegu.

Kulimaliza zao, na mboga inayofuata

Fyeka linapoanza kutoa maua. Kabla ya hapo majani ni machache. Likishaanza kujaza maganda, naitrojeni inahamia kwenye mbegu na mashina yanakuwa magumu. Kwa marejea tumia panga, kata chini kabisa. Mukuna inakera: imeshikana, ukivuta huku inakuja na kule. Ikate kwenye shina la kila mche kwanza, subiri siku mbili tatu inyauke, kisha ikatekate. Usiache itambae hadi kwenye matuta ya jirani yako au kupanda mpapai wake. Ugomvi wa mipaka tunao wa kutosha.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulaza majani juu ya tuta na kupanda ndani yake. Hii ndiyo inayoendeleza kazi ya kuzuia magugu, maana udongo haupinduliwi. Lakini mbegu ya mchicha, ndogo kama punje ya mchanga na ya kumwagwa, haiwezi kupenya matandazo ya unene wa vidole vinne. Njia hii ni ya miche na mbegu kubwa: nyanya chungu, bilinganya, hoho, bamia, chainizi ya kitaluni. Fungua kitundu, panda, rudishia majani ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina ili lisioze.

Ya pili ni kufukia, na hii ndiyo ya mchicha. Katakata, changanya na udongo wa juu sentimita 10 hadi 15, mwagilia, kisha subiri wiki mbili hadi tatu. Kungoja huko si hiari. Majani mabichi yanapooza huleta vimelea vya kinyausi, ule ugonjwa unaokata miche shingoni ikalala chini, na mabaki mengine, mtama hasa, hutoa kemikali zinazozuia mbegu ndogo kuota. Hesabu ya siku za tuta iongezee wiki hizo. Watu husahau, halafu wanalaumu mbegu.

Funika inayoliwa

Anayesema hawezi kulifunga tuta hata kwa wiki moja bado ana njia, ingawa haina nguvu ile. Matembele tayari ni kifuniko: yakishatanda, udongo hauonekani, na unachuma kila wiki. Hayatengenezi naitrojeni, yanaila, na yakiwa na minyoo fundo yanaitunza. Lakini kwa magugu ya mbegu yanafanya kazi kubwa, na mwenye tuta jipya lililojaa nyasi anaweza kuanza nayo badala ya mchicha. Maboga vilevile, kwa majani yake, kama una nafasi ya kuyaachia yatambae.

Kunde za majani ni mapatano ya katikati. Unachuma majani kwa wiki tatu au nne, unauza, kisha unafyeka kilichobaki. Elewa tu kwamba kila fungu linaloenda Buguruni au Mabibo limeondoka na naitrojeni yake. Ukichuma sana, kinachobaki ni mashina, na hesabu yetu ya gramu 90 inakuwa ndogo zaidi. Kivuli kimebaki, na mizizi imebaki. Pesa umeipata. Si mbaya.

Ardhi ya mtu

Wengi wetu tunalima kiwanja cha mtu anayesubiri kujenga, au chini ya nyaya za umeme mkubwa, au shamba la kukodi kwa mwaka. Kwa hali hiyo, mradi wa kuinua mboji ya udongo kwa miaka mitano ni zawadi kwa mwenye kiwanja. Lakini ndago ikipungua Juni, wewe ndiye utakayepalilia mara chache Julai. Minyoo ikipungua, nyanya chungu za Agosti ni zako. Ndiyo maana nimesisitiza magugu na mizizi kuliko rutuba: faida hizo hulipa ndani ya msimu uleule, kabla hujaambiwa matofali yanashushwa kesho.

Anza na tuta moja bovu, si zuri, na uache jirani yake bovu vilevile bila kufunikwa. Baada ya kufyeka, panda mboga ileile kwenye yote mawili, kwa mbolea ileile. Andika ni palizi ngapi kila moja limekula, na mwisho ng'oa mimea mitatu mitatu ukague mizizi. Tofauti isipoonekana hapo, shida ya tuta lako ni nyingine, pengine chumvi ya kisima au mbolea iliyozidi, na mukuna haitakusaidia.

Mbegu ndiyo kazi inayobaki. Kunde na choroko zinapatikana kwenye maduka ya nafaka sokoni. Chagua za msimu huu, weka 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, na zisipoota 15 ongeza kiwango au tafuta nyingine. Mukuna na marejea si kila duka la pembejeo linazo, kwa hiyo agiza mapema na baada ya hapo jitunzie. Acha mimea michache ya mukuna ipande uzio, uvune maganda yakikauka. Mbegu zake zinavutia macho, na watoto huzichezea, ila zina kemikali iitwayo L-dopa inayomtapisha na kumvuruga anayezila ovyo. Ziweke juu, mbali nao. Mbegu za marejea ziweke mbali na kuku. Na kunde za mbegu zikaushe sana, uzichanganye na majivu kwenye dumu lenye kifuniko kinachobana, la sivyo ikifika Machi utakuta fukusi na vumbi.